Kwenye Mpango Wako Bwana Harusi Hayumo

Vuta hicho kiti uketi, mwanangu. Simu iweke kifudifudi kidogo, haitakimbia. Nimeusoma mpango ulionitumia jana usiku, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ingawa ilibidi mjukuu aniongezee ukubwa wa maandishi. Matatu ya abiria 14 inatoka hapa Mbumbuni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Jumamosi kabla jua halijachomoza mko Diani. Nyumba ya kukodi yenye bwawa la kuogelea, mlale siku mbili. Kila mtu atume shilingi 18,000 kwa nambari yako kabla ya mwisho wa mwezi. Halafu kuna mstari umeandika "sapraizi ya Jumamosi usiku" na hukufafanua. Mjukuu akaniuliza ni sapraizi gani, nikamwambia aende akafunge kuku. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba sapraizi ya namna hiyo haiji imevaa koti.

Sikukuita nikugombeze. Umekuja mapema na umekuja kwa heshima, na hayo yanakutenga na wengi walioketi kwenye kiti hicho kabla yako. Wao walifika wakati nyumba imeshalipiwa, wakitaka tu nitikise kichwa. Nimechoka kuyasema mambo haya, sikufichi. Lakini nitayasema polepole, nawe unikatize pale ambapo hukubaliani nami.

Nimemtafuta bwana harusi katika mpango huo na sikumwona. Jina lake lipo, ndilo la kwanza, na kando yake umeandika "halipi". Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliulizwa anapenda nini, anaogopa nini, au wiki hiyo ana kazi gani. Wewe ndiwe msimamizi wake. Siku ya kanisa utasimama ubavuni mwake na pete mfukoni mwako, na kabla ya siku hiyo kazi yako ni ile ile: kusimama ubavuni mwake. Huu mpango naona ameupanga mtu mwingine kwa ajili ya mtu mwingine, kisha jina la rafiki yako likabandikwa juu ili wale walioko Nairobi wapate sababu ya kwenda baharini. Nao wana haki ya kwenda baharini. Waende kwa jina lao.

Tuanze na zile kreti za pombe ulizoziandika. Huyu rafiki yako aliacha pombe. Wewe unajua, maana ulikuwa naye wakati anakunywa, na mama yake anajua zaidi, maana ndiye aliyekuwa akiamka kumfungulia mlango. Sasa mmeandika kreti tatu na chupa tano za vikali "za kumchangamsha bwana harusi". Utaniambia ni usiku mmoja tu. Mwanangu, mtu aliyeacha pombe huuogopa usiku huo mmoja kuliko mwaka mzima. Kwenye umati wa marafiki 13 wanaoimba jina lake, mkononi ametiwa glasi, atakataa vipi? Akikataa ameharibu sherehe yake mwenyewe. Akikubali, Jumatatu wewe utarudi kazini na yeye atabaki na kiu mliyomwamshia.

Na usidhani nasema haya kwa sababu ya dini. Mimi si mchungaji. Wazee wetu Wakamba walikunywa. Kaluvu ilipikwa kwa asali, ikachachushwa kwa matunda makavu ya mwegea, ikawekwa karibu na moto, na haikukosekana palipokuwa na jambo la ndoa au kesi ya shamba. Ila ilikuwa pombe ya wazee. Kijana alikibeba kibuyu akakifikisha, akakaa pembeni akingoja nyama. Hata waliokunywa walijua nani amepika, kwa asali ya mzinga gani.

Wewe umeandika "vikali tutachukua njiani kwa bei ya jumla". Njiani kwa nani? Juni 2005, hapo Machakos tu, watu zaidi ya 40 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 mambo yakawa yale yale, safari hiyo katika kaunti kadhaa kwa mpigo, Embu na Kiambu zikiwemo, Kitui na hapa kwetu Makueni pia. Methanoli haina ladha ya kukuonya. Mwili wenyewe ndio unaoigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo huanza na mishipa ya macho. Mtu hulala akiwa mchangamfu, akaamka akiuliza kwa nini hamjawasha taa. Sitasema zaidi ya hapo kuhusu bei ya jumla.

Sasa hili la kuaga ukapera. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kapera yupi huyo?

Mbuzi wa ntheo walipelekwa kwa kina msichana kabla ya corona. Mimi nilikuwa katika wale wazee, na wewe ulikuwa katika wale vijana waliokuwa wakiwashusha mbuzi kutoka kwenye pikapu, na mmoja akakuponyoka akaingia shambani kwa jirani, tukacheka mpaka wakwe wakatoka nje. Unakumbuka. Unadhani siku ile tulikwenda kutembea? Kwa Mkamba, ntheo ndiyo ndoa. Mahari nyingine inaweza kuchukua miaka, inaweza hata kulipwa na wajukuu, lakini mbuzi wale wakishapokewa na wazee wakala, yule ni mke wa mtu. Eugene Cotran alipokusanya mila za ndoa za makabila ya Kenya katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1968, aliiandika ntheo humo, na mpaka leo Mkamba akifa na wanawake wawili wakaja mahakamani, kila mmoja akisema mimi ndimi mjane, swali ambalo mawakili huulizana ni hili: ntheo ilipelekwa? Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo imeiweka ndoa ya kimila kwenye orodha moja na ya kanisa, ya serikali, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zikishasajiliwa hakuna iliyo juu ya mwenzake.

Kwa hiyo mtu mnayempeleka Diani kuaga ukapera ni mume, na ni baba wa mtoto aliye gredi ya pili. Harusi hii ya Desemba ni ya kubarikiwa kanisani, kwa sababu sasa ndio wamepata pesa ya keki, na mama wa msichana amengoja kukivaa kile kitenge chake kwa muda mrefu. Ni jambo jema. Lakini usijifanye hujui kuna mwanamke nyumbani kwake ambaye jioni ile ile mkiwa kwenye bwawa la kuogelea atakuwa na mtungi, anachimba mchanga wa mto apate maji. Na kama hilo halikushtui, angalia tena kundi lako la WhatsApp. Mashemeji zake wawili wamo humo. Umewaweka wewe mwenyewe! Ndugu za mke wake wamesoma neno "sapraizi", na mmoja amejibu kwa kile kidole cha kuonyesha sawa. Ningelipa pesa kujua moyoni alikuwa anasema nini.

Picha zitapigwa, usiniambie mtakusanya simu. Mtu mmoja hulala na simu yake chini ya mto hata kwenye mazishi. Picha zitakuwa zimefika Mbumbuni kabla ninyi hamjafika Voi mkirudi. Na siku hizi jambo hilo lina sheria: tangu 2018, ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni inasema anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine anaweza kutozwa hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili. Lakini nani atamshtaki nani? Bwana harusi amshtaki rafiki yake? Mke wake atakuwa ameshaona, na harusi ni wiki mbili mbele, na mama yake ameshanunua kitenge.

Hii desturi ya kumlewesha bwana harusi tumeiokota kwa Waingereza kupitia sinema, tukaiokota bila kuuliza wao wenyewe inawafikisha wapi. Niliwahi kusoma gazetini kwamba Amsterdam, mji ambao hakuna anayeweza kuuita mshamba, mwezi wa Machi 2023 ulianzisha kampeni ya kuwaambia vijana wa kiume wa Uingereza kwamba kama wanakuja kulewa na kufanya fujo, heri wabaki kwao. Wenyeji walikuwa wamechoka kuokota matapishi ya mabwana harusi. Na huko huko Pwani mnakokimbilia, watu wana namna yao ambayo hamjawahi kuitazama. Nenda Lamu wakati wa harusi uone kirumbizi: wanaume wanacheza kwa fimbo, ngoma inalia na zumari, vijana wanapimana nguvu hadharani na wazee wamekaa wanatazama. Kuna jasho, kuna ushindani, kuna kelele, na hakuna anayeficha simu.

Pesa. Hapo nilisimama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Uliandika majina, kwa hiyo na mimi niliyapitia jina kwa jina. Watu 13 wanaolipa, mara 18,000, ni shilingi 234,000. Watatu kati yao hawatahisi, wako na mishahara. Wengine wanne wataumia kidogo wanyamaze. Lakini huyu wa bodaboda? Huyu aliyemaliza chuo cha ualimu na bado anafundisha kwa mkataba wa wazazi, analipwa mwezi mmoja na kukosa miwili? Na hawa tayari wako kwenye kamati ya harusi. Wameshatoa ahadi mbele ya watu, jina limeandikwa na katibu, na kila Jumapili linasomwa kwa sauti kubwa, deni na yote. Wameshapimwa suti kwa fundi, kwa sababu mliamua suti zote ziwe rangi moja, rangi ambayo hakuna atakayeivaa tena mpaka azikwe nayo. Kuna nauli ya kwenda kwa kina bibi harusi. Juu ya hayo yote unawaletea 18,000.

Utasema hakuna aliyelazimishwa. Ndiyo, hakuna. Lakini soma tena lile kundi. Ulipotangaza hesabu, wale wenye mishahara walijibu dakika hiyo hiyo. Huyu wa bodaboda alijibu siku iliyofuata saa tano usiku, "niko ndani mazee". Kijana aliyekaa na simu mpaka saa tano usiku alikuwa akitafuta namna ya kusema hapana, akaikosa. Atapiga Fuliza, akope kwa programu nyingine alipe Fuliza, na siku ya harusi atakuwa anakwepa simu za wadai huku anacheza mbele ya kamera. Mwenye kupanga sherehe ya marafiki hupima mfuko kwa yule wa chini kabisa. Hao wengine wakibaki na pesa, nani amewakataza kumnunulia rafiki yao kitu?

Mama yangu alikuwa akipika muthokoi wa watu wengi, na kabla ya kuupakua aliangalia kwanza bakuli la mtoto mdogo kuliko wote, kwa sababu mkubwa akikosa ataomba, mdogo akikosa atalala. Ndivyo ninavyokutaka uangalie hiyo orodha.

Barabara sitaisema kwa urefu, kwa sababu uliponiona nafungua mdomo juzi ulianza kucheka. Lakini mpango wako unasafiri usiku, mwezi wa Novemba. Novemba kwetu ndio mwezi wa mvua. Harusi zetu ni Agosti na Desemba kwa sababu shule zimefungwa na watu wa mjini wanarudi, na hiyo Desemba na Novemba yake ndiyo miezi ambayo mito hushuka bila kubisha hodi. Ulikuwa mkubwa wa kutosha tarehe 4 Desemba 2021. Basi lililobeba wanakwaya kutoka Mwingi wakienda kuimba harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, maji yakiwa yanapita juu ya daraja, likasombwa, watu wamesimama ukingoni wanatazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Baadhi waliokolewa, nao wakabaki na siku hiyo. Wale hawakuwa wamelewa, mwanangu. Walikuwa watu wa kanisa wanaochelewa harusi.

Nanyi mnataka kushuka mpaka Emali, mshike barabara kuu ya Mombasa usiku na malori yake, kilomita zaidi ya 300 kutoka hapo, dereva akiwa rafiki yenu ambaye "hanywi sana". Neno "sana" ulilitia wewe. Ikiwa ni lazima muone bahari, treni ya Madaraka inasimama Emali. Pandeni mchana, mshuke Mombasa, na atakayelewa alewe akiwa kwenye kiti ambacho hakina usukani. Hilo ndilo la Diani. Sina lingine.

Sasa unaniuliza, kama si hivyo, tufanye nini? Naona umekunja uso ukidhani nitasema mkeshe mkisali.

Kwanza mwulize mwenyewe. Leo, kabla hujala chakula cha jioni. Usimwulize kwenye kundi. Mwulize mkiwa wawili, mkitembea, kwa sababu mwanamume husema ukweli akiwa anatazama mbele. Mwambie sapraizi haipo. Utaona mabega yake yakishuka.

Atakachosema sikijui, na ndiyo maana nakutuma uulize. Huenda akasema bahari, hajawahi kuiona. Basi mfanye bahari ya pesa kidogo, kwa treni. Lakini nilimwona sokoni wiki iliyopita, akaniambia jambo moja ambalo nitakupa, ulitumie au ulitupe. Alisema nyumba imefika, mabati yapo, ila hajapata pesa ya mifereji wala tangi, na mvua hii ya Novemba itamwagika yote kutoka kwenye paa jipya iende zake mtoni, halafu mke wake aifuate huko huko kuichimba.

Unajua mwethya. Usiniambie ni mambo ya kina bibi. Hii milima ya Mbooni unayoiona ina matuta kwa sababu watu walikuja pamoja na majembe, kwa zamu, shamba la huyu leo na la yule kesho, wanaimba na kutaniana, na waliokuwa wakitafuta wachumba wakawapata hapo hapo kwenye mtaro. Ilikuwa kazi, nayo ilikuwa sherehe. Vijana 13 wenye mikono, Jumamosi moja kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na fundi mmoja wa mifereji: mpaka saa tisa maji ya paa lile yana pa kwenda, msingi wa tangi umemwagwa zege, na mmebaki na muda wa kuchimba tuta moja au mawili kwa kushindana. Wale watatu wenye mishahara wakitaka kujionyesha, tangi la lita 5,000 ni kitu cha kujionyesha kwacho, tena kitasimama pale nje kila mgeni akione. Shemeji zake wataleta majembe, utaona. Na wewe hutalazimika kumweleza mtu yeyote mlikuwa wapi.

Jioni mnachinja. Mnawasha moto mkubwa, mnaleta spika, mnacheza hadi muamue wenyewe. Soda ziwe nyingi. Anayetaka bia yake anywe yake, ila asimpe mwenye siku. Na wakati fulani usiku, nyama ikiwa imeisha na kelele zimepungua, mleteni mzee mmoja au wawili waliooa siku nyingi, wakae nanyi waulizwe maswali ambayo mnaona aibu kuyauliza mchana: ugomvi wa kwanza unamalizwaje, pesa inawekwa na nani, mama yako akigombana na mke wako unasimama wapi. Mimi nisiwe mmojawapo. Magoti yangu hayawezi usiku. Kuna mzee pale nyuma ya soko aliyewahi kufukuzwa na mke wake mara mbili na kurudishwa mara mbili. Huyo ndiye mtaalamu.

Kila mtu atoe 3,000. Wa bodaboda atoe 500, au alete tu pikipiki yake ibebe saruji, na jambo hilo lisiandikwe kwenye kundi. Wale waliokwisha kukutumia 18,000 warudishie tofauti leo, kila mmoja kwa nambari yake, maana pesa ya watu ikilala kwa simu yako siku mbili, ya tatu itakuwa imeanza kujiita yako. Mwenye nyumba ya Diani mpigie sasa hivi, kabla hajakataa kurudisha malipo ya awali. Nadhani mwisho ni kesho, nimeona mahali umeandika hivyo.

Mbuzi wa kwanza utamchukua hapa kwangu. Chukua yule dume mweusi, si yule wa madoa, huyo ana mwenyewe. Njoo Ijumaa jioni, na kamba uje na yako. Ile niliyomwazima baba yako siku ya ntheo mpaka leo sijaiona.